Moto ya Gracia

Siku ya Mungu, 5/10/2025

Mungu ni mwema! Leo katika chumba ya maombi binti yangu Gracia ameshukiwa na Roho. Mwili yote joto, jasho inatiririka mpaka pagne aliyojifunga inalowa — na hatukuwa hata tumeanza kuimba. Mama Prudence, kiongozi wetu, alimugusa mugongo, akapiga kelele: "Moto imeshuka! Mama Gracia, weye umezaa jiko, mbabula ya makaa!" Tukacheka, tukapiga vigelegele. Nimelia kwa furaha. Huyu anayesinzia kila mahubiri!

Siku ya pili ya kazi, 7/10

Joto haishuki. Anapumua kama mutu aliyekimbia, na amekaa tu. Nikafikiri malaria. Kituo ya afya wakapima damu: hakuna. Nilitaka kumupeleka hospitali, Mama Prudence akakataza. Eti nisizime kazi ya Bwana. Nikatii. Nilitii!

Siku ya tatu ya kazi, 8/10

Asubuhi alipita Floribert, mutoto wa dada yangu, anayefanya kazi katika labo ya utafiti ya chuo kikuu. Akaona kichupa kitandani, gélules, vidonge vya poda ya njano. Akasoma jina.

"Gracia, hii umetoa wapi?"

Gracia akasema ni dawa ya kukondesha. Aliagiza kwa telefone. Harusi yake ni Desemba, na dada za muchumba wake wanamuita "Canapé", kiti pana ya saloni.

"Tantine," Floribert akaniambia, "siye hii tunaitia katika chembe za ini ya panya, tupime namna zinapumua. Zinapumua mbio, zinachoma chakula yote, lakini nguvu hazitoi. Joto tupu! Ni sawa na moto."

Nikauliza: moto ya Roho?

"Moto ya taxi, tantine! Embrayage, klachi, imeachia. Unakanyaga gaz, moteur inanguruma, mafuta inaisha, gurudumu haizunguki. Tumubebe sasa hivi!"

Jioni, hospitali

Daktari anasema hakuna dawa ya kuondoa poda hii mwilini. Ni kumupoza na kungoja. Ninachovya pagne katika maji, ninamufunika, inakauka, ninachovya tena. Mama Prudence anapiga simu, anapiga. Siitiki.

Na weye, Bwana — nakuambia bila kuficha — ulikuwa pale. Ulituona tunapiga makofi.

Gracia amefungua macho. Amenivuta blouse. Nimeinama, pumzi yake inachoma sikio.

"Mama… nimekonda kidogo?"

Bado ananitazama, anangoja nijibu.