Dakika Nne Zilizokatwa

Bwenini, 4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vimejaa wino. Uhakiki wangu wa kwanza wa filamu umebandikwa kwenye gazeti la ukutani la chama chetu cha wanafunzi! Nimesifu kile kipande ambapo polisi wanawapiga wanafunzi walioandamana. Sasa wenzangu hawaongei lingine. Mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani!

Mpwa wako


7 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, moyo ndio mgonjwa. Profesa, umenichoma! Kipande hicho cha dakika nne niliamriwa kukikata siku moja baada ya wewe kuiangalia filamu nami katika chumba cha projekta. Watazamaji hawajakiona. Meneja anauliza umekionea wapi, na ufunguo wa chumba hicho ninao mimi tu. Sema uliota. Na usije huku, ngazi za kupandia chumbani kwangu zinalindwa. Tuandikiane.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Umelala salama? Mimi usingizi umenikimbia. Mwalimu mkuu amenipa hadi Ijumaa nimtaje aliyenionyesha, la sivyo nifungashe virago. Mwenyekiti wa chama naye ananisukuma: “Mtaje, tudai kipande kirudishwe! Unaogopa nini, we panya wa maktaba?” Nikisema niliota, nani atasoma tena neno langu? Nikikutaja, utakula wapi? Nijibu upesi.

Mpwa wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Jibu lako halikufika. Naomba Mungu iwe ni posta tu.

Alhamisi baada ya masomo nilikata tiketi ya sinema, nikakaa na watu. Yule dada mwanafunzi wa kwenye filamu anatoka kwao akiimba, papo hapo yuko kitandani, kichwa kimefungwa bandeji. Watu walicheka, wakidhani mashine imeruka. Nikarudi kuandika na kubandika uhakiki wa pili, mistari sita tu, wa mwisho ukiuliza: Nani alimpiga?

Ijumaa mwalimu mkuu akasema, “Haya, nani alikuonyesha?”

“Bandeji, mwalimu. Niliiona, nikakisia.”

Alinikazia macho. Alikwenda sinema mwenyewe, akarudi, akamwandikia meneja kwamba mtoto alikisia.

Jana bweni zima lilikuja ukumbini kwako. Bandeji ilipotokea, mwenyekiti akasimama: “Nani alimpiga?” Wakaitikia safu nzima, kisha wageni, hata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Ukumbi ulitikisika.

Mimi peke yangu nilinyamaza, Mjomba, maana ni mimi peke yangu niliyeona.

Mpwa wako