Valvu ya Tepu ya Baba

Mogogosiek,
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka Kipngetich,

Chamgei, salamu kutoka nyumbani. Mvua ya mawe imepiga majani chai yetu yote ya huku chini, lakini yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, kwa hivyo maziwa yapo.

Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe hao wauzaji wa huko ng'ambo uliko wamenyimwa kibali cha kututumia valvu ya ile tepu ya baba ya kurekodi sauti, eti inaweza kuingia kwa mitambo ya vita. Kachupa ka kioo ka miaka ya sitini! Walipouliza itatumiwa na nani, baba alisisitiza waandikiwe kwamba alikuwa mtu wa mawasiliano jeshini. Alidhani watamheshimu. Tafadhali usimwambie hilo ndilo lililoharibu. Mimi nimemwambia mzigo uko njiani.

Kila jioni anapanguza ile tepu, anaweka ule mkanda mmoja tu tulio nao wa mama akiimba, halafu anakaa hapo akiutazama, maana bila valvu tepu hailii. Fundi wa Kapsoit alisema valvu kama hiyo haipatikani Kenya nzima.

Jana aliniuliza, "Chepchirchir, sauti ya mama yako ilikuwa nyembamba ama nzito?"

Nikajifanya naangalia chai jikoni. Kaka, mimi nilikuwa mdogo sana tulipomzika. Sikumbuki. Wewe ndiye mkubwa. Kama unakumbuka, niandikie ilikuwaje, nimwambie kabla hajauliza tena.

Dada yako anayengoja,
Chepchirchir