Chupa Alizookoa Twagirayezu

Katoyi, Goma
Tarehe 16 Machi 2025

Mpendwa kaka yangu Wenceslas,

Pokea salamu zetu sisi tuliobaki. Mgongo wako unaendeleaje? Na Bénie, binti yenu, ameshapona malaria? Huku miili ni mizima. Mengine yasome ukiwa peke yako. Barua hii inapitia Gisenyi, upande wa Rwanda, mkononi mwa mchuuzi wa Birere, maana uwanja wa ndege umefungwa.

Umeniuliza mara tatu migomba ya marehemu Papa itarudi lini shambani Beni. Umekuwa mkali kuliko mkubwa wangu wa kazi. Haya, jibu ni hili: haitarudi.

Unakumbuka mnyauko ulivyoteketeza shamba zima, nami nikaleta hapa labo, kwenye maabara yetu, ua la mgomba wa mwisho kabla Mama hajaung'oa. Katika ua lile nilipata seli hai, nikazilea ndani ya chupa, nikazitia jeni ya pilipili hoho inayozuia ugonjwa ule. Hilo halikuchukua muda. Kilichonizeesha ni kuzifanya ziwe mche tena. Volkano ilipolipuka mwaka 2021 nasi tukakimbilia Sake, nilizitikisa kwa mkono siku kumi ndani ya kanisa, kwa sababu zikitulia zinakufa. Watu waliniuliza siagi itakuwa tayari lini.

Januari hii, wiki moja kabla ya waasi kuingia mjini, niliona chipukizi za kwanza, nyeupe, ndogo kama punje za mchele. Nililia, kaka. Ilikuwa imepita miaka mitano na nusu.

Kisha risasi zikaanza na umeme ukakatika. Siku nne sikuweza kutoka nyumbani. Muzee Twagirayezu, sentinele wetu anayelinda mlango, ndiye aliyeingia labo waporaji wakiwa tayari uani. Alitoka na kreti ya chupa kichwani, risasi ikampata begani. Nilipoambiwa tu kwamba chupa zimeokoka, nilimpigia Mama simu. Ndipo nikaenda hospitalini. Kreti ilikuwa chini ya kitanda, na mzee anatabasamu, akiniambia mimi: "Mama, ile ya kuoza nilimwanga, ilikuwa inaleta uzito. Nilikuletea ya majani muzuri."

Zenye majani ni ndizi za kawaida za sokoni, nilizokuwa nikijifunzia. Zile alizomwaga, zilizoonekana kama uji uliochacha, ndizo zilizokuwa za Papa.

Sina wa kumlaumu ila mimi. Tangu volkano mzee yule amelinda mlango wangu, nami nilimwambia tu asiguse kitu. Sikumwonyesha hata siku moja kilichomo ndani. Nilimshukuru, nikatoka nje.

Huko Beni Mama ameshachimbisha mashimo arobaini na mawili. Nimeamua kumpelekea hizi za Twagirayezu kwa lori linalozunguka kupitia Uganda. Najua mnyauko utazimaliza, maana hazina ile jeni. Lakini ana miaka themanini na moja, macho yake hayatofautishi tena mgomba na mgomba, na mimi sina nguvu ya kumzikia mume wake mara ya pili.

Nisalimie wifi Émérance, na Bénie umbusu. Mungu awafunike, vita hii isiwafikie huko Lubumbashi.

Mama akikupigia kusifu migomba ya Papa ilivyoshika, usimsahihishe. Furahi naye.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na aibu,
Pascasie