Mke Mwenza Kwenye Usaili

Jumatatu, 5 Agosti
Nimefua sare. Nimefanya maswali sita ya fizikia, manne nina shaka nayo. Usaili wa chuo cha uuguzi ulikuwa Jumamosi. Tuliitwa sitini, nafasi ishirini. Nimeandika nyuma ya daftari: katika kila watatu anapita mmoja. Halafu nimefuta. Hesabu hiyo ni ya waliojibu vizuri.

Nikikosa, nabaki kidato cha tano. Si kifo. Ila tangu nesi mmoja alipomweleza Bibi ugonjwa wake mara tatu, bila kumfokea, sijatamani kazi nyingine.

Jumanne, 6 Agosti
Naandika yaliyotokea, labda yatanitoka kichwani.

Walimu watatu. Wakaniuliza kwa nini uuguzi. Sauti ikakauka. Mmoja akasema, "Ongea binti, hatung'ati." Wapi. Kisha wakamleta mama mzee anayefanya usafi pale chuoni, aigize mgonjwa anayekataa dawa. Nimshawishi. Hatua zote nilikuwa nimezikariri. Lakini alikunja uso na kugeukia ukutani, kama Bibi kabisa. Nikachuchumaa, nikamshika mkono.

"Shikamoo, mke mwenzangu. Usipokunywa hii, babu nahama naye leo."

Utani wa nyumbani, mbele ya walimu. Mama yule akajibu, "Marahaba. Humuwezi, anakoroma." Akanywa. Walimu wakaandika. Hakuna aliyecheka.

Naona aibu mpaka masikioni. Hesabu mpya: katika kila kumi, mmoja.

Alhamisi, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna shule. Nimekuja nyumbani kijijini, Mpapura. Baba ametoka kupulizia mikorosho, ananuka salfa. Hakuuliza kitu. Amenimenyea muhogo tu. Namshukuru kwa kutouliza.

Bibi nimemwambia. Akacheka hadi akakohoa. "Kumbe mume wangu umeshamgawa kwa watu wa mjini?" Babu alifariki nikiwa darasa la pili. Bibi akasema mzee angefurahi kugombewa. Nimelia kidogo nyuma ya jiko. Haikuwa huzuni.

Jumatatu, 12 Agosti
Majina yamebandikwa. Mama Mdogo, ninayeishi kwake hapa mjini, Shangani, aliomba ruhusa kazini anisindikize. Katika wale ishirini simo. Nimesoma mara mbili. Chini kuna watano wa akiba. Mimi ndiye wa kwanza.

Mama Mdogo akasema, "Wa kwanza ni wa kwanza," akaninunulia juisi ya ukwaju. Nilikuwa nimejiandaa kufarijiwa, si kupongezwa.

Sasa inabidi mmoja kati ya ishirini asije. Hesabu yake siijui. Siwezi kumwombea mtu mabaya. Nimeomba tu kila mmoja apate anachokitaka zaidi.

Alhamisi, 15 Agosti
Hakuna simu. Fizikia. Nimepata swali moja bila kuangalia majibu.

Ijumaa, 16 Agosti
Wamepiga wakati Mama Mdogo anakaanga samaki. Msichana mmoja amepata chuo karibu na kwao. Nafasi yake ni yangu. Simjui jina. Nimemwombea baada ya swala.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimepeleka fomu chuoni asubuhi. Yule mama alikuwa anapiga deki ukumbini. Akasogeza ndoo nipite.

"Umemfuata mzee?"

"Nimekuja kusoma, mke mwenzangu."

Akasema, "Haya, pita pakavu, usiteleze." Nikapita pembeni, pole pole. Sauti haikukauka.