Mipira ya Motokari Nyekundu

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Nimetoka shuleni. Nimechota maji, nimechambua maharagwe. Baba ameosha tena motokari, ingawa haiendi. Kiangazi chote imekaa juu ya mawe nyuma ya duka, mipira ya magurudumu yake imelika hadi nyuzi zinaonekana. Ni nyekundu, fupi, ya viti viwili, ya kukimbia. Ilikuja pamoja na duka. Serikali ilipompa Baba duka la Mgiriki, Mgiriki alipanda treni na motokari ikabaki uani. Sasa duka lina chumvi, viberiti na vumbi. Motokari inang'aa.

Mtu wa baiskeli ameleta habari mbaya. Kambo, yaani bibi yangu, mama yake Mama, ana kidonda mguuni na mguu umevimba hadi gotini. Yuko kijijini, njia ya Luena. Malori hayapiti tena kwa sababu daraja la miti limelegea. Jeep ya misheni iko Lubumbashi kutengenezwa. Kwa baiskeli hawezi, homa inamwangusha.

Imebaki motokari yetu. Mama amesema hivyo mara moja tu, kisha akarudi jikoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeenda na Baba kwa Banza, fundi wa mipira karibu na stesheni ya Kamina. Kuna mipira ya namna mbili tu. Ya kwanza ni mipya, mipana, laini, imetengenezwa kwa lami. Ya pili ni rechapé, ya zamani iliyovishwa mpira mpya juu, ilitoka kwenye kamioneti, lori dogo. Ina meno marefu ya kushika mchanga na matope. Lakini ni mirefu kupita kiasi. Ili iingie, lazima kukata bodi juu ya kila gurudumu.

Wanaume waliokuwa wakingoja hapo wote walikuwa na la kusema. Siku hizi kila mwanamume ni Sitwayen, raia.

"Sitwayen, ukiweka hii ya meno, motokari yako itafanana kuku yenye kuvaa bote ya basoda!"

"Na akiweka ile ingine, ataitembeza wapi? Ndani ya nyumba?"

Walicheka wakiwaza kuku katika buti za askari. Baba hakucheka. Banza alisema, "Weye njo unajua njia yako. Unaenda wapi?"

Nilitaka Baba ajibu: kwa Kambo. Alipapasa ule mpira laini kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni. "Motokari hii hapana kukata," akasema.

Nina huzuni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mipira laini imefungwa. Baada ya salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi, Baba alinipakia, tukaenda hadi Base, kambi ya askari, kwenye lami. Alisema ni kuijaribu. Motokari ilikimbia bila kelele. Wake za askari waliacha kutwanga wakatutazama. Watoto walipiga makofi. Baba alikuwa kijana kabisa. Sijawahi kumwona hivyo tangu duka lianze kuisha.

Nilifurahi. Kisha nikamkumbuka Kambo, na furaha ikakatika.

Kesho Baba na Mama wataenda kumchukua.

Jumapili, 12 Oktoba

Hawakufika. Baada ya makaburi lami hakuna, ni mchanga mtupu. Motokari iliketi kwa tumbo. Magurudumu yalizunguka tu, yakachimba. Baba alikuwa amevaa abakosti mpya, suti yake ya heshima. Wanawake waliotoka shambani na mihogo waliweka mizigo chini wakaisukuma, wakiimba na kumtania. "Sitwayen, shuka! Weye njo muzito!"

Walirudi kwa miguu. Mama amevua viatu mlangoni. Amemwita kwa jina langu: "Tata Ngoie, weye unapendaka ile motokari kupita mama yangu." Baba alikuwa amesikia, ila alijifanya anatafuta funguo.

Jioni mvua kubwa ya kwanza imenyesha.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi bendera, nyimbo, hakuna sala, serikali imezikataza. Sista alitupa kazi ya kuchora barabara za Zaire kwa wino mwekundu. Kutoka Kamina hadi Luena nimechora mstari mmoja ulionyoka. Nimepata alama nzuri kwa barabara ambayo haipo.

Motokari imevutwa hadi nyumbani. Baba ameiosha.

Baba na Mama hawaongei. Ninapeleka maneno: chakula kiko tayari, taa haina mafuta.

Jumatano, 15 Oktoba

Mtu wa baiskeli amepita tena. Amesema mguu umeanza kunuka.

Mama alifunga nguo zake katika kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, na kuweka unga juu. Alitaka kwenda kwa miguu, ambebe mama yake mgongoni kama mtoto. Ndivyo alivyosema. Baba alimtazama kutoka mlangoni. Halafu akatoka bila kofia.

Alirudi na Banza, ile mipira ya meno, na msumeno wa chuma. Banza amekubali kubadilishana. Lakini kukata, Baba amekata mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Chuma kililia hadi majirani wakatoka nje. Safari hii hakuna aliyetania. Alipomaliza mikono ilikuwa na damu, na motokari ilikuwa kitu kibaya, imeinuka juu, kingo zake kama bati lililoraruliwa.

"Inatosha?" akamwuliza Mama.

Mama akasema, "Viti iko mbili."

Jumapili ile hakuna aliyehesabu viti; hapo sote tukaelewa. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula naye, hasemi naye moja kwa moja, haketi karibu naye. Akimwona njiani anaingia porini hadi apite. Mama hawezi kuendesha. Basi Kambo atakaa wapi, kama si ubavuni mwa Baba?

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikwenda shule. Nimekwenda na Baba badala ya Mama: mimi ni mdogo, ninaenea katika ile nafasi ya mizigo nyuma ya viti. Mama alinipa kikwembe chake kikubwa na kamba.

Mipira ya meno ilishika. Mchanga, matope, mchanga tena. Darajani Baba alishuka, akaitazama miti, akarudi, akapita polepole. 

Kambo alikuwa amelazwa kwenye mkeka. Alipoona ni nani aliyekuja, alijifunika kichwa. "Minyi niingie mu motokari ya mukwe yangu? Heri mguu uoze." Baba alikuwa ameshasimama mbali, nyuma ya nyumba, ametazama porini. Nilifunga kikwembe katikati ya viti, kutoka juu hadi chini. Nikamwambia Kambo ni ukuta. Alikigusa. Alikubali kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu yangu.

Baba aligeuza kioo kitazame juu. Njia nzima hakugeuka. Kila tuliporuka shimo Kambo aliguna, na kila alipoguna Baba alipunguza mwendo.  Harufu ilikuwa kali. Nilishikilia kikwembe kwa mikono yote miwili kisipeperuke.

Hospitali walimpokea.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamemkata mguu.

Daktari amemwambia Mama: angeletwa wiki moja mapema, mguu ungepona. Mama alinitazama ili nisimwambie Baba. Lakini Baba alikuwa upande wa pili wa mlango.

Alhamisi, 23 Oktoba

Shule. Sikusikiliza. Ninamkasirikia Baba. Ninampenda. Nimejaribu kuandika yote mawili katika sentensi moja, imenishinda.

Jumapili, 26 Oktoba

Homa imeshuka. Kambo amekula uji wote na kuomba chumvi. Sista wa hospitali anasema ataishi. Ninaamini, ila ninaamini kimyakimya.

Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Kila jioni Baba akifunga duka anakuja, haingii. Anasimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso njiani. Leo alisema kwa sauti:

"Ngoie, ambia Kambo yako nilichelewa. Ile mipira njo ilini..." Akaanza tena. "Hapana. Usiseme mipira. Sema ni minyi. Minyi njo nilichelewa."

Kambo alisikia kila neno. Alifumba macho, akangoja. Nikamgeukia, nikamwambia.

"Ambia mukwe yangu nimesikia," akasema, na sauti yake haikuwa ndogo.

Nilitoka, nikazunguka jengo, nikamwambia Baba.