Damu Iliporudi kwa Dada

Jumanne, 4 Machi

Bonge la damu limetoka! Siku nne lilikuwa limeziba mshipa mkubwa wa pafu la dada. Daktari kasema damu inapita. Mimi fundi bomba kwa miaka thelathini, nimezibua mahoteli na meli mbili, hilo sihitaji kuchorewa. Nimepigia simu ukoo mzima: dada kapona, Ijumaa yuko nyumbani. Hata mtalaka wangu nimempigia. Dada ndiye kanilea, acha nijigambe.

Jumatano, 5 Machi

Pafu lile lile lililozibuliwa limejaa maji. Mashine ndiyo inampumulia.

Nikamvaa daktari: mlifungua koki kwa pupa? Bomba lililokaa kavu halifunguliwi kwa kishindo, hata mwanagenzi anajua.

Akaketi, hoi kuliko mimi. Tulifungua polepole, fundi. Shida si kasi. Pafu likikosa damu linaumia, linapiga king'ora. Damu ikirudi inaleta chembe nyeupe, askari wa mwili. Wanakuta nyumba imevurugika, mwizi hawamwoni, basi wanamshukia mwenye nyumba. Kuta za mishipa zinatoboka, maji yanavujia kwenye vifuko vya hewa.

Si muwafukuze? nikamwambia.

Wote? Vijidudu vikija, fundi, utalinda wewe na spana yako?



Ijumaa, 7 Machi

Simu hazikomi. Shangazi anauliza tumefika wapi njiani, chakula kinapoa. Domo langu limeniponza. Nimezima simu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku tatu nalalia kiti cha plastiki. Kiuno si changu tena.

Daktari kasema askari wameanza kupoa, picha ya kifua ina afadhali. Leo wanapunguza mashine. Kupunguza, fundi, si kutoa — kaninyooshea kidole kabisa. Ameshanijua.

Muuguzi ameshika kitufe cha kuzungusha cha mashine. Anazungusha kidogo, anaacha, anatazama kifua. Kidogo tena. Robo mzunguko, anasubiri. Hivyo ndivyo ninavyofungua bomba la zamani, ila yeye ana mkono mzuri kuliko wangu. Sijawahi kumwambia fundi yeyote neno hilo.

Kifua cha dada kimepanda chenyewe. Kimeshuka. Bado tunangoja kifua kipande tena —

Mtalaka wangu kaja. Simu haipatikani, kasema, ikabidi nije. Vipi?

Nimemsogezea kiti. Safari hii sijasema kapona; nimemwonyesha kifua cha dada, tungoje pamoja.