Naujua Ukurasa Wote, Swali Moja Linanishinda

Shikamoo Anti Domitila,

Nikusalimie haraka haraka maana nimekaa hapa gengeni na siwezi kutulia, nikishika kitabu nakiweka, nikishika simu naiweka, leo nimeamua nikumwagie yote. Mimi ni Mrangi wa Kondoa, naishi Chang'ombe, nauza nyanya na vitunguu, na mwaka huu nareseti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa sababu nataka kusomea uuguzi na bila Baiolojia hawanichukui, na mume wangu Athuman, dalali wa mahindi kule Kibaigwa, ameniambia hii ndiyo mara ya mwisho, nikifeli nifunge vitabu tulee mtoto, na hakusema kwa ubaya Anti, nimeshajaribu sana na amechoka kusubiri.

Tatizo ni kichwa changu. Baba ni ustadhi, nimekulia madrasa, najua kuhifadhi, kwa hiyo na Baiolojia naihifadhi vilevile, naisoma kwa sauti, naipa mahadhi, natikisika mpaka ukurasa mzima uingie, na unaingia kweli na Kiingereza chake chote, ila kuutoa naweza kuanzia juu tu, ukinishtukiza katikati nimepotea, lazima nirudi mwanzo. Mwezi uliopita twisheni tukapewa swali, kwa nini nyanya ikikatwa na kutiwa chumvi inatoa maji. Mimi muuza nyanya! Nikajua jibu liko kwenye ukurasa ule, nikaanza juu kabisa kwenye utando wa seli, midomo inacheza, naushuka ukurasa taratibu, mara mwalimu Lameck anasema wekeni kalamu chini, na mimi sijafika. Binti mmoja nyuma akasema, "Mwacheni Mama Salma, anamalizia uradi." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, halafu nikaenda kulia chooni.

Ndipo nikajiunga na kundi la WhatsApp la kusoma kwa kasi, jamaa anasema usitamke, usirudi nyuma, pitisha kidole katikati ya ukurasa macho yafuate. Nimekimaliza kitabu, Anti, chote, nikakifunga, nikajiuliza nimesoma nini, hakuna hata mstari uliobaki. Nikahamia video za kukuza kumbukumbu, nikala karanga mpaka tumbo likaniuma, nikabandika makaratasi ukutani Salma akayachana, na sasa hata niliyoyahifadhi yanaanza kuchanganyika. Athuman akipiga simu anauliza, "Msuli wa kusoma unaendaje?" nasema unaenda vizuri, na ameshamtangazia hata baba yangu kwamba safari hii napita. Nawaza siku ya mtihani niseme naumwa nisiende kabisa, angalau isisemekane nimefeli. Niambie, kuna njia nyingine ya kusoma haraka, au ubongo wangu ni mzito niachane nayo?

Ni mimi Batuli, Chang'ombe

*

Marahaba, Batuli. Kaa kwanza, nyanya hazikukimbii.

Pole kwa kile kicheko. Huyo binti hana adabu, na mwambie nimesema mimi. Lakini na wewe unanichosha! Unaniuliza njia nyingine, mwanamke, na zote ulizopita hakuna hata moja uliyotulia nayo. Toka kwenye hilo kundi leo. Mtu anasoma haraka kile anachokielewa. Usichokielewa ukikikimbilia utakipita tu, na ndicho kilichokupata.

Ubongo mzito? Anayeweza kuhifadhi ukurasa mzima wa lugha isiyo yake ana ubongo mzito? Acha kujitukana. Na madrasa ya baba yako usiisingizie, maana umechukua nusu yake. Umebeba mahadhi na kutikisika, ukaacha kazi yenyewe. Ustadhi alikuwa anakupa somo jipya kabla hujamsikilizisha la jana, msahafu umefungwa? Hakukurudisha kwenye la wiki iliyopita? Mimi ni Mkristo, sikusoma huko, nikamuuliza jirani yangu Hamida, na yeye ni wa Kondoa. Akacheka, akasema kuanzishwa katikati ya sura ndiko kulikokuwa kunawaponza wavivu! Halafu akaniambia jambo ambalo nataka ulishike: kule neno lenyewe ndilo linalotunzwa, halibadilishwi hata herufi. Baiolojia haina shida na maneno yake. Inataka uelewe.

Kwa hiyo soma kipande kidogo, ufunge kitabu, ukieleze kwa Kirangi. Ndiyo, Kirangi, hapo hapo gengeni, kama unamweleza mteja: chumvi imezidi nje, maji ya ndani ya nyanya yanatoka kuifuata. Ukikwama, hapo ndipo hujui, fungua uangalie hapo tu. Ukishaelewa ndipo uandike kwa Kiingereza, kwa sentensi zako fupi, hata zikichechemea. Kesho yake, kabla ya kugusa kipya, toa cha jana bila kuchungulia. Rudi nyuma utakavyo, na midomo icheze, wanaocheka watazoea. Mwombe mwalimu Lameck maswali ya mitihani iliyopita, uyajibu bila mpangilio, leo la mwisho, kesho la katikati. Kasi itakuja yenyewe, tena hutajua imeingia lini.

Hilo la kujifanya mgonjwa sitaki kulisikia tena. Athuman amekupa nafasi ya mwisho, nawe unamlipa kwa "unaenda vizuri"? Akirudi kutoka Kibaigwa mwambie ukweli. Kisha mkabidhi kitabu, afungue popote, akuulize. Utasema hajui Baiolojia. Hahitaji kuijua! Dalali wa mahindi anamtambua mtu anayebabaisha hata kama hajui anababaisha nini. Na akishaona unavyohangaika, ataacha kukusubiri pembeni kama abiria, atakuwa anasoma na wewe.

Unaweza kufeli, Batuli, sikufichi, muda umebaki mdogo na mengi umeyapoteza kwa kuhamahama. Lakini mara zote zile ulikuwa unaingiza ukurasa ulioukariri kwenye chumba cha mtihani. Safari hii ingia wewe.

Anti Domitila